Karatasi Haina Pembe

Kwa miaka yote waliyokaa jirani, Wambua alimshinda Absalom kwa maneno mara moja tu, na afadhali asingemshinda.

Walikuwa wakiishi ukuta kwa ukuta katika laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa la Bwana Pelham, kati ya Ruiru na Thika, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mto Ndarugu. Wambua alikuwa Mkamba wa Kangundo, mwembamba, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Kazi yake ilikuwa kulinda miche ya kahawa isiliwe na wanyama, na Bwana Pelham alipotaka kuwinda, Wambua ndiye aliyemtangulia kufuata nyayo. Absalom alikuwa Mjaluo wa Gem, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa, lakini wakati wa vita alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akatumwa Bama kupigana na Wajapani, na huko kazi yake ilikuwa kutengeneza bunduki za kikosi kizima. Yeye ndiye aliyeitunza bunduki ya Bwana Pelham.

Ilikuwa bunduki moja tu. Zamani zilikuwa nne, lakini Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ilipoanza na serikali ikaamuru kila silaha ilale ndani ya sanduku la chuma na mwenyewe aijibie, Pelham aliona mzigo. Nyingine akazipeleka kwa polisi Thika, akabaki na ile aliyoipenda. Ilikuwa na mtutu mrefu, inchi ishirini na nane, mweusi kama kigae cha chungu, na kitako cha mti uliong'arishwa kwa mafuta hata ukaonekana kama ngozi. Pelham aliitumia kwa mambo mawili: kulenga shabaha za karatasi katika uwanja wa klabu kule Thika, na kuwinda pongo waliojificha vichakani kando ya mto. Kwa shabaha ilikuwa malaika. Kwa vichaka ilikuwa balaa.

Wambua na Absalom walibishana kila jioni. Walibishana kama maharagwe yatiwe chumvi kabla ya kuiva au baada, kama mto Ndarugu ni mkubwa kuliko mto wa Ruiru, kama Mungu alimuumba mbwa kabla ya fisi. Wake zao walikuwa wamezoea. Magdalene, mke wa Wambua, aliwawekea kiti na kigoda mbele ya mlango. Apiyo, mke wa Absalom, aliwaletea uji. Kisha wanawake hao wawili waliendelea na yao, na wanaume wakaachwa wapigane kwa midomo. Mara nyingi Absalom alishinda. Alimwacha Wambua aseme mpaka achoke, kisha akatia neno moja lililoangusha yote. Wambua alikasirika, akaapa hatarudi, na kesho yake akarudi kabla hata uji haujapoa.

"Omera," angesema akijivutia kigoda, akiazima neno la Kijaluo la kumwita ndugu, "lile jambo la jana nimelifikiria. Umekosea."

"Kaa chini kwanza," Absalom angejibu. "Mtu hakosolewi na mtu aliyesimama."

Ndivyo walivyokuwa, hadi mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na saba.

Siku hiyo Pelham na Wambua waliteremka mtoni kumtafuta pongo dume aliyekuwa akiharibu miche mipya. Wambua alimwona kwanza, amesimama nyuma ya majani mapana, mweusi, madoa meupe mapajani, pembe zimejisokota kama kamba. Hakuwa mbali, hatua thelathini hivi. Pelham aliinua bunduki, na ule mtutu mrefu ukaingia katika mzabibu wa mwituni. Akauvuta. Majani yakatikisika, pongo akageuka, na Pelham akafyatua kwa haraka mtutu ukiwa bado umeshikwa. Risasi ilimpata mnyama tumboni badala ya kifuani.

Sheria ya mawindo ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Wambua aliingia kichakani kufuata damu akiwa na panga, Pelham nyuma yake akisukumana na matawi. Watu wasiomjua pongo humdharau kwa sababu ni mdogo. Lakini akijeruhiwa hakimbii mbali; hujificha, hungoja. Huyu alitoka ubavuni, hata Wambua hakupata nafasi ya kuinua mkono. Pembe moja iliingia paja la kushoto, juu ya goti, ikatokea upande wa pili. Pelham alikuwa hatua tano tu, lakini mtutu ulikuwa umenasa tena. Wambua ndiye aliyemmaliza mnyama yule kwa panga, amelala chali, akipiga kelele ambazo baadaye hakukumbuka kuzipiga.

Alikaa hospitali ya Thika wiki nyingi. Absalom alikuwa akimjia kila Jumapili kwa baiskeli na chungu cha samaki kilichofungwa kwa kitambaa, na walibishana juu ya samaki mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanachagua upande.

Alipotoka alikuwa akichechemea kidogo, lakini kazi aliirudia. Ndipo Bwana Pelham alipowaita wote wawili karakana, bunduki imelazwa juu ya meza ya kazi.

"Nataka ushauri wenu," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi nafikiri kukata mtutu. Bunduki nyingine sitaki, na polisi hawataki niwe nayo. Hii moja ifanye kazi. Absalom, sema."

Absalom hakuharakisha. Alipitisha kidole juu ya mtutu, kutoka mwanzo hadi mdomoni.

"Bwana, urefu huu una maana yake," alisema. "Kile kijino cha kulengea cha mbele kikikaa mbali na cha nyuma, jicho likikosea kidogo tu unaliona kosa. Vikikaribiana, kosa linajificha, unafikiri umelenga sawa kumbe sivyo. Tena baruti inapata nafasi ya kuungua yote, risasi inatoka na nguvu, inakwenda moja kwa moja. Tena uzito ukiwa mbele mkono hautetemeki. Ukikata, hatua hamsini hutaona tofauti. Yadi mia tano utaiona, na utajuta. Chuma kikikatwa hakioti."

"Wambua?"

Wambua alikuwa ameingoja zamu yake kama mtu anayengoja chakula. Alikuwa amefikiri juu ya bunduki ile usiku mwingi kitandani, paja likimpwita. Na tena, tangu atoke hospitali, watu wote walikuwa wakizungumza naye kwa upole ule wa kuzungumza na mgonjwa. Hapa palikuwa na wasikilizaji, nyapara na vijana wawili wa karakana wamesimamisha kazi, na Absalom ameshasema. Alisikia damu yake ikichemka kwa raha.

"Mimi sijui baruti," alianza. "Mimi najua kichaka. Kichakani hakuna yadi mia tano. Kule mtoni ukimwona pongo, umemwona hapo penye mlango ule. Unahitaji bunduki inayogeuka kama fimbo ya kuchungia. Hii ni mlingoti. Inanasa kwenye mizabibu, inanasa kwenye miiba, ukiivaa begani inagonga kila tawi, mnyama anasikia tunakuja tangu tukiwa mbali kule Witeithie."

Vijana wa karakana walicheka. Pelham naye akatabasamu.

"Basi tuikate kidogo tu, Bwana," Absalom alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Wambua aliisikia, lakini wakati huo alidhani ni sauti ya mtu anayeshindwa. "Tutoe inchi mbili au tatu. Itafaa kichakani, na kwa shabaha haitaharibika sana. Au tungoje. Ikate baada ya mashindano ya shabaha ya Septemba, kichaka hakiondoki."

"Pongo naye hangoji Septemba," alisema Pelham. "Na mashindano mimi siendi tena. Macho yangu yamezeeka."

Absalom alimtazama bwana wake kana kwamba anangoja aendelee. Pelham hakuendelea. Hapo ndipo Wambua alipopiga hatua mbele, akapandisha mguu wa kaptura mpaka kovu likaonekana, jekundu bado, na akasema lile neno ambalo shamba zima lilirudia mwezi mzima:

"Ndugu yangu Absalom anapenda shabaha. Sawa. Lakini karatasi haina pembe!"

Karakana ililipuka kwa kicheko. Nyapara alipiga makofi. Pelham alicheka hata akafuta macho, akampiga Wambua bega, akasema, "Basi, imekwisha. Inchi ishirini. Absalom, ukate." Akatoka zake.

Absalom alisimama pale mkono ukiwa juu ya bunduki. "Njoo unishikie kitako," alimwambia Wambua.

Walifanya kazi hiyo pamoja. Absalom aliufunga mtutu katika jiliwa akiuzungushia vipande vya ngozi usipate mkwaruzo, akapima mara mbili, akachora mstari kwa msumari. Kisha akachukua msumeno wa chuma. Wambua alikuwa bado na furaha yake. Alisema hili na lile, akasema Absalom anakata kama mtu anayemtahiri mwana wa chifu, akasema kipande kitakachobaki wamfanyie Apiyo bomba la kupulizia moto. Absalom aliinamia msumeno. Jasho lilimtiririka puani likadondokea juu ya chuma, akalipangusa kwa kiganja na kuendelea. Kipande kilipoanguka, alichukua tupa, akasawazisha mdomo mpya polepole, akausugua kwa kichwa cha parafujo ya shaba na unga wa kusagia mpaka ukawa mviringo kamili usio na jino, maana mdomo ukipinda hata kidogo risasi nayo hupinda. Akakichomelea kijino cha mbele mahali pake papya. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote Wambua aliyoiona mikononi mwake.

"Omera, hata kushindwa unashindwa vizuri," Wambua alisema.

"Imekuwa nzuri kwa kichaka," Absalom alisema, na kuanza kufagia unga wa chuma.

Jioni ile hakutoka nje. Apiyo alisema kichwa kinamuuma.

Wiki mbili baadaye Pelham na Wambua waliteremka tena mtoni. Pongo alitokea karibu sana, akiwa anavuka njia ya maji. Bunduki ilipanda begani kwa Pelham bila kugusa jani, ikasikika mara moja, kwa mlio mkali kuliko zamani, na mnyama akaanguka palepale aliposimama. Hakukuwa na damu ya kufuata. Wambua alimshukuru Mungu kwa sauti. Pelham alimpa mguu mzima wa nyuma, na jambo la kwanza alilofikiri lilikuwa kwenda kumwonyesha Absalom.

Absalom hakuwako. Apiyo alikuwa mlangoni akichambua mboga. Wambua aliliweka paja lile juu ya ungo na kucheka.

"Shemeji, mwambie mume wako nyama hii imetoka katika mtutu mfupi. Akiila akubali kwamba ameshindwa."

Apiyo hakucheka. Aliitazama nyama, kisha akamtazama yeye.

"Alikubali zamani, shemeji. Asingekubali angefanya nini?"

"Mbona siku hizi amekuwa hivyo? Hata kubishana hataki. Nimemkosea?"

"Hukumkosea. Hukujua." Aliendelea kuchambua. "Hakukuambia habari za Septemba?"

"Mashindano? Bwana amesema haendi."

"Bwana haendi. Absalom ndiye angekwenda." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Mwaka jana Bwana alimwahidi. Alisema, mimi nimechoka macho, mashindano yajayo shamba letu utaliwakilisha wewe, na bunduki hii. Kuna ofisa mmoja wa polisi anakuja kutazama, anatafuta mtu wa kufundisha askari wapya kulenga. Nyumba ya mawe, shemeji, na watoto kusoma. Bwana alikuwa ameshamtaja Absalom kwa ofisa huyo. Tangu siku ile Absalom alikuwa akiamka mapema kabla ya kazi, anashika ufagio kama bunduki, anasimama hivi ukutani, hapumui. Mimi nilikuwa namcheka."

Wambua alichuchumaa kando ya ungo.

"Kwa nini hakusema? Pale karakana, kwa nini hakusema mbele ya Bwana?"

"Alikuwa anamngoja Bwana akumbuke," alisema Apiyo. "Bwana hakukumbuka."

Wambua alirudi nyumbani, akamweleza Magdalene.

"Lakini ulisema kweli," alisema Magdalene. "Ule mtutu ungekuua."

"Ndiyo, nilisema kweli," alijibu Wambua. "Lakini sikuisema kwa sababu ni kweli. Niliisema ili nimshinde. Alitaka tutoe inchi tatu, Magdalene. Inchi tatu zingetosha. Kichakani zingenisaidia, na yeye angebaki na bunduki yake. Mimi nilisikia, na badala ya kusema sawa, nikafunua paja nikawachekesha watu."

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Pelham. Alimkuta barazani na kikombe cha chai. Alipoeleza, uso wa Pelham uliingia wekundu, akaweka kikombe chini.

"Nilisahau," alisema. "Kabisa. Mbona Absalom mwenyewe hakunikumbusha?"

Wambua alikuwa na jibu, ila si la kumpa tajiri. Aliomba tu kama Absalom angeweza kuazimwa bunduki ndefu kwa jirani, siku moja tu. Pelham alijaribu, hilo Wambua hakumnyima. Alizunguka kwa gari mashamba mawili matatu. Lakini ilikuwa Emajensi bado, na hakuna mzungu aliyekubali bunduki yake itoke kwenye sanduku lake na kwenda mikononi mwa Mwafrika wa shamba lingine, hata kwa siku moja, hata mwenye bunduki mwenyewe akiwa amesimama kando. Pelham alirudi amechoka. "Atalenga na yetu," alisema. "Absalom anaweza. Ni mkono, si chuma."

Septemba walikwenda Thika, Absalom, Pelham na Wambua aliyejiombea nafasi nyuma ya lori. Absalom alivaa kaptura yake ya jeshi iliyopigwa pasi na Apiyo mpaka ikasimama yenyewe. Uwanja ulikuwa umepambwa kwa bendera ndogo. Walikuwapo polisi, walikuwapo Keya, walikuwapo wazungu wa mashamba na wake zao chini ya miavuli, na yule ofisa, mtu mfupi mwenye darubini shingoni.

Kwenye yadi mia mbili, Absalom alilala kifudifudi juu ya gunia, akatulia kama mjusi juani. Risasi zake zilikaa pamoja katikati ya karatasi, karibu ungezifunika kwa sarafu. Ofisa aliinua darubini, akaitazama karatasi, akamgeukia Pelham na kusema kitu, na Pelham akaitikia kwa kichwa kwa fahari. Wambua alisimama na watu wengine nyuma ya kamba, kucha zimezama viganjani, akawa anaomba kwa Kikamba, sala aliyokuwa amefundishwa na mama yake na ambayo haikuwa na neno lolote juu ya bunduki.

Kisha shabaha zikapelekwa yadi mia tano.

Kila risasi ya bunduki ile fupi ilitoka na mshindo na ulimi wa moto, hata waliolala kando yake wakawa wanageuka kutazama. Risasi ya kwanza ilianguka chini ya karatasi, ikarusha vumbi. Absalom alirekebisha, akapanda juu. Ya pili ilikwenda kushoto, ya tatu kulia. Kutoka pale nyuma ya kamba Wambua aliona anavyofanya: anavuta pumzi, anaituliza, analenga sawa kabisa, anafyatua polepole, na bado karatasi inajibu kitu kingine. Vile vijino viwili vilikuwa vimekaribiana mno. Kosa lilikuwa linajificha, kama alivyosema mwenyewe. Mzungu mmoja chini ya mwavuli aliuliza kwa sauti nani ameikata ile bunduki kama mkia wa mbwa, na wengine wakacheka. Kicheko hicho Wambua alikitambua. Kilikuwa ndugu wa kile cha karakana.

Absalom alimaliza risasi zake zote. Aliinuka, akapangusa magoti, akaichukua bunduki tupu na kumrudishia bwana wake kwa mikono miwili. Akawa wa saba. Kazi ile alipewa sajini mmoja wa Keya, kijana mzuri, ambaye kwenye yadi mia mbili alikuwa ameachwa mbali sana na Absalom.

Walipokuwa wakirudi, lori liliwaacha njia panda, Pelham akiwa na safari ya Ruiru. Walitembea katikati ya mistari ya kahawa iliyokuwa imeanza kuiva. Wambua alijizuia mpaka akaona hawezi tena.

"Kwa nini hukuniambia, Absalom? Ungeniambia jioni moja tu, pale mlangoni. Mambo mangapi tumeongea pale!"

Absalom aliendelea kutembea.

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningesema mtutu ubaki!"

"Ndiyo. Ungesema hivyo, nakujua. Halafu ungeteremka tena mtoni mbele ya mlingoti ule, na siku moja ningemletea Magdalene habari." Alivunja kijiti cha mbuni na kukitupa. "Nilikuona hospitali, Wambua. Siku ya kwanza, kabla hujaamka. Sikutaka uwe na jambo hili la kuchagua. Nilidhani Bwana atachagua mwenyewe. Yeye ndiye aliyeahidi."

"Nisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Ulisema kweli. Kichakani mtutu mfupi ni bora."

Wambua angependa kutukanwa. Angependa Absalom asimame pale njiani amwambie mbwa wewe, umenimaliza kwa ajili ya kicheko cha vijana wa karakana. Angejibu, wangepaaziana sauti, na labda baada ya siku mbili tatu angevuta kigoda chake. Lakini Absalom alikuwa mwema, na wema wake ulifunga mlango kuliko hasira.

Tangu siku hiyo walisalimiana asubuhi na jioni. Apiyo alileta uji kama kawaida. Wambua akitupa neno la kuchokoza, akisema kwamba samaki wa ziwani wananuka matope, Absalom alitabasamu na kusema, "Huenda ni kweli." Akisema mto wa Ruiru ndio mkubwa, Absalom alisema, "Wewe ndiye unayeijua mito." Wake zao waliona kimya kile, wakakipita pembeni kama watu wanaopita mahali palipozikwa mtu. Baada ya miezi michache kiti na kigoda havikutolewa tena nje, na hakuna aliyekumbuka jioni ya mwisho ilikuwa ipi.

Katikati ya mwaka uliofuata Absalom aliaga kazi. Alisema mama yake amezeeka na shamba la Gem halina mtu. Wambua aliwabebea sanduku mpaka stesheni ya Ruiru, mguu wake ukimsumbua kwenye mteremko, na Absalom alijifanya kupunguza mwendo ili azungumze na watoto. Treni ilichelewa. Walisimama pamoja wakitazama reli.

"Nitakuja kukutembelea," alisema Wambua. "Krismasi. Magdalene anataka kuliona ziwa."

"Karibuni sana. Nyumba ni yenu."

"Nitakuja, kweli."

"Najua."

Walishikana mikono. Apiyo alimkumbatia Magdalene, wakalia bila kificho kama wanawake wanavyojua. Absalom aliingia, akapata dirisha, akainua kiganja, naye Wambua akainua chake, na treni ikaondoka kuelekea Nairobi na huko mbele.

Krismasi hiyo mtoto wa Wambua aliugua surua. Iliyofuata, Pelham alikuwa anauza shamba, na kila mtu alikuwa anatafuta pa kushika. Wambua alipata kazi katika kiwanda cha matunda Thika, akahamia chumba kimoja na familia yake. Siku moja sokoni alikutana na Mjaluo aliyetoka Gem, akamuuliza, na yule mtu akasema ndiyo, anamjua Absalom vizuri sana: anatengeneza baiskeli kando ya barabara, chini ya bati, ni fundi hodari, mtu mpole asiyegombana na mtu.

"Asiyegombana?" Wambua aliuliza.

"Hata kidogo. Ukimwambia kitu, anakubali tu."

Wambua alimshukuru, akanunua viazi alivyotumwa, akaelekea nyumbani. Njia fupi ilipita nyuma ya uwanja wa klabu, na ilikuwa Jumamosi, watu walikuwa wanalenga. Alisikia milio ikifuatana, mirefu, iliyotulia, ya bunduki ambazo hakuna aliyeikata mitutu yake. Alisimama na kikapu mkononi. Kisha akageuka, akashika njia ndefu, ile inayozunguka mtoni, na alipofika Magdalene alimuuliza kilichomchelewesha.

"Nimekutana na mtu wa Gem," alisema. "Absalom ni mzima."

"Tutakwenda lini?"

Wambua alivimwaga viazi sakafuni, akaketi na kuanza kutafuta vilivyooza.

"Ilitupasa kwenda zamani," alisema.